Chumvi Katika Ndimi za Moto

Wafanya biashara wa shura wa zama za kale walikuwa na taabu moja ambayo mizani haikuweza kuiondoa. Juu ya ardhi kavu, katika kuta za mazizi na ndani ya mapango, hujitokeza chumvi nyingi nyeupe ambazo kwa macho na kwa vidole hazibaguliki; na katika hizo ni moja tu ifaayo kwa dawa, kwa kuyeyushia madini na, katika karne zilizofuata, kwa baruti, ilhali zilizobaki ni hasara tupu kwa mnunuzi. Ulimi huweza kuonja, lakini ulimi hudanganyika, hasa chumvi zikiwa zimechanganyika. Basi hukumu ikaachiwa moto. Katika nchi ya China, mwanachuoni na mjuzi wa dawa Tao Hongjing, aliyeishi baina ya mwaka 456 na mwaka 536, aliandika kwamba shura ya kweli hujulikana kwa kuchomwa, kwa kuwa huinua moshi wa rangi ya zambarau ambao chumvi nyingine zilizofanana nayo haziutoi.

Maneno ni machache, lakini jambo lenyewe limekwisha semwa ndani yake: kwamba kitu kikipashwa moto mkali hutoa rangi iliyo yake, na rangi hiyo ni ushahidi wa kile kilichomo ndani yake. Ajabu ni kwamba baada ya hapo ilipita zaidi ya miaka 1,300 kabla ya ushahidi huo kukubaliwa na wenye elimu pasipo shaka. Aghalabu habari hii husimuliwa kana kwamba ulimwengu ulikuwa ukingoja akili za mabwana wawili wa mji wa Heidelberg, katika Ujerumani. Nami siwapunguzii hadhi yao hata kidogo, na nitawafikia. Walakini, ninavyoiona mimi tarikhi hii, kilichowachelewesha wanadamu hakikuwa upungufu wa akili. Kilikuwa ni uchafu: uchafu wa moto uliotumiwa, uchafu wa chumvi zilizotiwa motoni na, zaidi ya yote, kuenea kwa chumvi moja, chumvi hii hii ya kula, ambayo haikosekani mahali popote, ikatia manjano yake katika kila mwali hata watu wakadhani kwamba manjano hayo ni tabia ya moto wenyewe.

Wanachuoni wa Kiislamu wa zama za Bani Abbasi walilitia maanani suala la kuzipambanua chumvi mapema sana. Abu Bakr Muhammad bin Zakariya al-Razi, tabibu mashuhuri wa mji wa Rayy aliyefariki karibu na mwaka 925, aliyagawa madini katika mafungu, akaziweka chumvi mbali na mawe na mbali na metali, na tinkali, ile dawa ambayo masonara huitumia wanapounga dhahabu, akaipa fungu lake pamoja na jamaa zake. Miaka zaidi ya mia tatu baadaye, katika nchi ya Sham, Hasan al-Rammah aliandika kitabu cha farasi na zana za vita, na humo akaeleza namna ya kuitakasa shura: huyeyushwa katika maji, hutiwa majivu ya kuni, na majivu hayo huzishusha chini chumvi za kalisiamu na magnesiamu zilizochanganyika nayo, kisha maji huchujwa na kuchemshwa, na shura iliyotakata hubaki. Hakuwa akitafuta rangi. Alikuwa akitafuta baruti isiyonyonya unyevu wa hewa na kuharibika. Hata hivyo kila aliyejifunza kutakasa chumvi, kwa nia yoyote ile, alikuwa akiwatengenezea njia watu ambao hakuwajua.

Katika Ulaya, aliyelirudia swali la Tao Hongjing alikuwa Andreas Sigismund Marggraf wa Berlin, yule yule ambaye mwaka 1747 alionyesha kwamba sukari iliyomo katika kiazisukari ni ile ile ya muwa. Wakati wake kulikuwa na majivu ya namna mbili yaliyouzwa kwa watengenezaji wa vioo na wa sabuni: majivu ya miti ya bara, ambayo nguvu yake hutokana na potasiamu, na majivu ya mimea iotayo kando ya bahari, ambayo nguvu yake hutokana na sodiamu, na kwa kuwa yote mawili huwasha ulimi, huondoa mafuta na huvunja ukali wa asidi, watu wengi waliyahesabu kuwa kitu kimoja. Huku kwetu Afrika Mashariki tofauti hiyo imo jikoni, maana magadi ya maziwa ya Bonde la Ufa ni ya sodiamu, na majivu ya maganda ya ndizi, ambayo wenyeji wa nchi za migomba hutilia mboga, yana potasiamu kwa wingi. Na mpishi mzoefu hujua kuwa ladha zake hazilingani, ingawa kazi ya kulainisha mboga ni moja. Marggraf hakutosheka na ladha. Alitengeneza shura kutokana na majivu ya kila namna, akazitupa juu ya makaa yanayowaka, akaona kwamba moja ililipuka kwa mwali wa manjano na ya pili kwa mwali wa kibuluu. Hayo aliyaandika mwaka 1758, akakata shauri kwamba hizi ni chumvi mbili mbalimbali, na shauri lake halijatenguliwa mpaka leo.

Miaka sita kabla ya hapo kijana mmoja wa Scotland, Thomas Melvill, alikuwa amefanya jambo lililokwenda mbali kuliko la Marggraf, na habari zake hunihuzunisha kila nizisomapo. Mwaka 1752 alisoma mbele ya chama cha matabibu cha Edinburgh maelezo ya majaribio aliyoyafanya kwa spiriti inayowaka. Aliitia spiriti hiyo nishadiri, akaitia shabu, akaitia potashi, akaitia chumvi ya bahari, moja baada ya nyingine. Kisha, badala ya kuutazama mwali kwa macho matupu, aliweka mbele yake ubao wa karatasi nene wenye tundu la duara, na baina ya tundu na jicho lake akashika kile kioo cha pembe tatu ambacho wanafunzi wa leo hukiita prizimu. Isaac Newton alikuwa amekwisha kuonyesha kwamba kioo cha namna hiyo huutawanya mwanga wa jua katika rangi zote za upinde wa mvua, moja ikiingia katika nyingine pasipo mpaka. Melvill hakuona upinde wa namna hiyo. Aliona manjano yenye kung'aa yaliyozishinda rangi nyingine zote. Na manjano hayo, badala ya kufifia polepole kuingia katika rangi jirani, yalikatika ghafla. Lau angalibadili lile tundu la duara likawa ufa mwembamba, angaliuona mstari wa sodiamu waziwazi. Ila alikuwa na kizuizi kingine kikubwa zaidi: manjano yale yale yalionekana akitia chumvi ya bahari, na yalionekana pia akitia nyingine, kwa kuwa hakuna hata moja katika dawa zake iliyokuwa haina chembe ya chumvi ya kula ndani yake. Basi shahidi akasimama mbele yake, na asiweze kujua ni shahidi wa nani. Mwaka uliofuata Melvill alifariki, umri wake miaka 27.

Mafundi wa fataki nao hawakuwa mbali na jambo hili. Kwa karne nyingi fataki za Ulaya zilikuwa na weupe wa shura na salfa, na cheche za dhahabu zitokanazo na unga wa makaa na wa chuma, basi. Rangi nzito hazikupatikana kwa sababu mwali wa baruti ya kawaida haukuwa na joto la kutosha, na vilevile haukuwa na klorini ya kuzichukua metali na kuzigeuza mvuke. Ni muhimu msomaji alifahamu hili, kwa kuwa ndiyo siri ya kazi nzima: chembe ya chumvi inayokaa juu ya moto ikiwa bado ngumu hung'aa tu mithili ya chuma kilichopashwa, na rangi iliyo yake haidhihiri mpaka iwe mvuke ndani ya mwali. Kwa sababu hiyo kloridi, ambazo hugeuka mvuke kwa wepesi, ndizo zitoazo rangi njema. Katika miaka ya 1780 Mfaransa Claude Louis Berthollet alitengeneza klorati ya potasiamu, chumvi iliyojaa oksijeni na klorini. Mara ikatamaniwa kwa baruti. Na mwaka 1788, ilipojaribiwa katika kiwanda cha Essonnes, kusini ya Paris, ililipuka ikaua watu. Baruti ya klorati ikaachwa, lakini mafundi wa fataki wa karne ya 19 hawakuiacha chumvi yenyewe, na kwa msaada wake wakaweza kupata nyekundu, chanikiwiti na buluu ambazo baba zao hawakuziona angani.

Nyekundu hiyo ina kijiji chake. Strontian ni mahali padogo katika milima ya magharibi ya Scotland palipochimbwa risasi, na katika mgodi wake lilitoka jiwe ambalo lilidhaniwa kuwa ni la bariamu mpaka mwaka 1790, Adair Crawford alipotambua kwamba limechukua udongo wa namna nyingine. Thomas Charles Hope wa Edinburgh akauchunguza udongo huo kwa bidii, na miongoni mwa dalili alizozitoa ni kwamba hutia mwali wekundu mkali, ilhali ule wa bariamu hutia rangi ya kijani. Mwaka 1808 Humphry Davy akauchambua kwa nguvu za umeme, akatoa metali yenyewe, strontiamu. Fataki nyekundu irushwayo leo siku za sherehe, kokote iwako, aghalabu rangi yake ni ya elementi iliyopewa jina la kijiji hicho.

Hata hivyo jicho la fundi wa fataki, japokuwa ni jicho lililozoea, haliwezi kupambanua wekundu wa strontiamu na wekundu wa lithiamu. Hapo ndipo kioo cha pembe tatu kilipokuwa hakina budi kurudi, na kilirudi mikononi mwa fundi, hakikurudi kwa mwanafalsafa. Joseph Fraunhofer, aliyezaliwa mwaka 1787, alikuwa yatima aliyepelekwa Munich kujifunza kazi ya vioo, na mwaka 1801 nyumba ya bwana wake ilimwangukia akatolewa hai chini ya kifusi. Alipokua akawa mtengenezaji wa vioo vya darubini asiye na wa kumfananisha naye. Haja yake ilikuwa ni kupima namna kioo kinavyopinda kila rangi, na kwa kazi hiyo alitaka rangi isiyobadilika mahali pake. Akaikuta katika mwali wa taa: mstari wa manjano, kwa hakika mistari miwili iliyokaribiana sana, usiotoka mahali pake. Mwaka 1814 alipoutazama mwanga wa jua kwa chombo hicho hicho, akaona upinde wa rangi umekatwa na mistari myeusi mamia kwa mamia, na miwili kati ya hiyo, aliyoipa herufi D, ilikaa mahali pale pale palipokaa ile miwili ya manjano ya taa. Alipima, akaandika, akaendelea na kazi zake za vioo. Akafa mwaka 1826, hajatimiza miaka 40.

Mwaka huo huo wa 1826 Mwingereza William Henry Fox Talbot, ambaye watu humjua zaidi kwa kazi yake ya baadaye ya kupiga picha, alichapisha majaribio yake juu ya miali ya rangi. Alikuwa amekaribia sana. Alisema kwamba mstari wa rangi fulani huenda ukawa ni alama ya kitu fulani, na kwamba kwa kuitazama miali kwa kioo mtu angeweza kujua kilichomo pasipo kazi ndefu ya kemia. Lakini yale manjano yakamkosesha njia. Aliyaona katika chumvi za sodiamu, vyema. Kisha akayaona katika salfa, akayaona katika karatasi, akayaona katika kuni, akajiuliza ni kitu gani kilichomo katika hivi vyote, na akadhani kwamba yumkini ni maji. Haikuwa dhana ya kipumbavu. Ilikuwa hoja sahihi iliyojengwa juu ya vitu visivyo safi, maana hakuna aliyekuwa tayari kuamini kwamba chumvi ya kula imeenea namna ile, hata ikawa hakuna kitu cha mkononi kisichoguswa nayo. Miaka thelathini ilipita hivyo, mpaka mwaka 1856 William Swan, Mskoti mwingine, alipopima kwa uangalifu ni kiasi gani cha chumvi kitoshacho kutoa mstari wa manjano, akaona kwamba ni kidogo kupita mizani yoyote iliyokuwako. Kwa ugunduzi huo fumbo la Melvill na Talbot likafumbuka: manjano yalikuwa ya sodiamu siku zote, na sodiamu ilikuwa kila mahali.

Sasa twende Heidelberg. Robert Bunsen alifika huko mwaka 1852, mtu mrefu, mpole, mwenye jicho moja, kwani jicho lake la kuume liliharibiwa na mlipuko wa dawa ya arseniki aliyokuwa akiichunguza, nayo sumu ile ile karibu imuue. Serikali ilimjengea maabara mpya, na kwa kuwa mji ulikuwa umekwisha kutiwa gesi ya taa za barabarani, akaagiza gesi hiyo iingizwe katika kila meza. Majiko ya gesi ya wakati ule yalitoa mwali mweupe wenye masizi na mtikisiko. Bunsen alitaka mwali wenye joto jingi na usio na rangi. Na mwaka 1855 fundi wa chuo, Peter Desaga, akamtengenezea ule mdomo wa moto ambao kila maabara ya shule inao leo. Kazi yake ni nyepesi kueleza: gesi hutoka kwa kasi katika tundu dogo chini ya bomba, na kwa kasi yake huvuta hewa kwa matundu ya ubavuni, vikachanganyika ndani ya bomba kabla ya kufika juu na kuwaka, hata mwali ukawa mkali sana, umetulia, na mchana kweupe hauonekani kwa urahisi. Bunsen hakutaka hati ya kumiliki chombo hicho. Aliona si halali mwanachuoni kujitajirisha kwa elimu. Naam, hapo palikuwa na kitu ambacho wala Melvill wala Talbot hakukipata, moto usio na rangi yake mwenyewe.

Bunsen alianza kuitambua miali kwa kuitazama kupitia vioo vya rangi na kupitia maji ya nili, ili nili iyafiche manjano ya sodiamu na kuacha urujuani wa potasiamu uonekane. Mwenzake na rafiki yake, Gustav Kirchhoff, mwalimu wa fizikia aliyefika Heidelberg mwaka 1854, ndiye aliyemwambia kwamba ingefaa zaidi kuzitawanya rangi kwa prizimu. Mwaka 1859 wakaunda chombo chao: sanduku lililopakwa weusi ndani, darubini mbili zilizokatwa kutoka katika vyombo vya zamani, na baina yake prizimu ya kioo yenye uwazi ndani, iliyojazwa kimiminika kiitwacho disalfidi ya kaboni. Mbele ya ufa wa darubini moja waliwasha jiko la Bunsen, na katika mwali wakaingiza uzi mwembamba wa platini, ncha yake imekunjwa kikawa kitanzi kidogo, na juu ya kitanzi hicho tone la chumvi.

Kazi iliyowachukua muda haikuwa kutazama, ilikuwa kutakasa. Kila chumvi waliisafisha kwa kuiyeyusha na kuigandisha tena na tena, mpaka mistari ya wageni ikatoweka na kubaki ile ya mwenyeji. Kisha wakajaribu kloridi ya kila metali, bromidi yake, iodidi yake, salfati yake na kaboneti yake. Wakajaribu katika mwali wa salfa, wa spiriti, wa gesi ya taa, wa haidrojeni, na hata ule wa haidrojeni iliyochanganywa na oksijeni, wenye joto linaloyeyusha platini. Mistari haikuhama. Metali iliyomo ndiyo iliyoiweka mistari mahali pake. Ilichoshirikiana nacho, na moto uliokichoma, havikuwa na neno.

Kuhusu ile sodiamu iliyokuwa imewatatiza watu kwa zaidi ya miaka mia, walifanya jaribio ambalo kwa maoni yangu ni zuri kuliko yote ya karne ile. Chumba chao kilikuwa na ujazo wa mita za kyubiki zipatazo 60. Wakaweka chombo upande mmoja, na katika pembe iliyo mbali kabisa wakalipua miligramu 3 za klorati ya sodiamu iliyochanganywa na sukari ya maziwa, nao wakatazama kwenye darubini. Mwanzo hapakuwa na kitu. Baada ya dakika chache mwali ukaanza kugeuka manjano, mstari wa sodiamu ukatokea kwa nguvu, na haukutoweka mpaka dakika kumi zilipopita. Walipopiga hesabu ya hewa ya chumba na hewa ipitayo katika mwali, walipata kwamba jicho linaweza kuitambua chumvi ya sodiamu isiyofika sehemu moja katika milioni tatu ya miligramu moja. Nao walieleza sababu ya kuenea kwake: theluthi mbili za uso wa dunia zimefunikwa na bahari, na povu la mawimbi lirushwalo hewani hukauka likaacha chembe za chumvi zisizoonekana, zinazosafiri na upepo mpaka bara. Watu wa pwani hatuna haja ya kuambiwa hilo mara mbili, tunaoona mabati na misumari ikiliwa na kutu kabla ya wakati wake.

Kirchhoff akaenda hatua nyingine. Aliupitisha mwanga wa jua katika mwali wenye chumvi, akitarajia kwamba manjano ya mwali yataijaza ile mistari myeusi ya D. Na badala yake mistari ikazidi kuwa myeusi. Kutokana na hilo alifahamu kwamba mvuke unaotoa rangi fulani huimeza rangi hiyo hiyo iupitapo, na kwamba basi sodiamu imo katika anga la jua. Mwezi wa Oktoba 1859 taarifa hiyo ilipelekwa Berlin, katika baraza la wanachuoni. Tangu siku hiyo mtu aliyesimama ardhini aliweza kusema jua lina nini.

Matunda yalifuata upesi. Lithiamu, iliyodhaniwa kuwa adimu, ikaonekana katika maji ya bahari, katika majivu ya tumbaku, katika maziwa ya wanyama. Mwaka 1860, katika maji ya chemchemi ya Dürkheim, Bunsen aliona mistari miwili ya samawati isiyokuwa ya elementi yoyote iliyojulikana, akaamuru zaidi ya tani 40 za maji hayo zikaushwe kiwandani ili apate gramu chache za chumvi ya kile alichokiita sesiamu. Na mwaka uliofuata, katika jiwe la Saxony, akapata rubidiamu yenye mistari myekundu iliyoiva. Mwaka huo huo William Crookes wa London aliuona mstari wa kijani wa thaliamu. Katika Freiberg, mwaka 1863, Ferdinand Reich alishuku kwamba madini ya zinki aliyokuwa nayo yana kitu kipya, lakini macho yake hayakupambanua rangi tangu kuzaliwa, basi akamwomba msaidizi wake Theodor Richter atazame kwa niaba yake. Na Richter akauona mstari wa rangi ya nili, wa indiamu.

Wala yale manjano ya zamani hayakuacha kuwatega watu. Tarehe 18 Agosti 1868 jua lilipopatwa katika India, mstari wa manjano ulionekana katika miali inayoruka pembezoni mwa jua, na watazamaji wakadhani ni sodiamu, kama ilivyokuwa desturi. Norman Lockyer wa Uingereza alipoupima miezi miwili baadaye aliona kwamba haukai hasa mahali pa D, uko kando yake kidogo. Miaka 27 watu walibishana juu ya elementi isiyoshikika kwa mkono, mpaka mwaka 1895 William Ramsay alipoitoa gesi katika jiwe lenye urani, akamtaka Crookes aupime mstari wake, na ikathibiti kwamba ni ule ule wa jua: heliamu.

Kwa nini kila metali iwe na rangi yake, hilo lilibaki pasipo jawabu mpaka mwaka 1913, Niels Bohr wa Denmark alipoeleza kwamba elektroni katika atomu hukaa katika daraja maalumu tu za nguvu. Joto la mwali huipandisha elektroni ya nje daraja moja au zaidi. Nayo irudipo chini hutoa mwanga wa kiasi kile kile cha nguvu iliyokuwa imepewa, si zaidi wala pungufu. Kwa sodiamu mwanga huo ni wa mawimbi ya nanometa 589, manjano daima, awe anayeyachoma ni mwanachuoni au ni mama ambaye chungu chake kimefurika maji ya chumvi juu ya makaa.

Nina ombi kwa walimu wa shule zetu wanaowafundisha vijana somo hili. Msiwaonyeshe kwa kumwaga spiriti juu ya chumvi katika visahani na kuiwasha, kwa kuwa mvuke wa spiriti hurudisha moto kwenye chupa, na katika Marekani wanafunzi kadhaa wameungua vibaya kwa maonyesho ya namna hiyo. Tumieni waya. Uchovyeni katika asidi ya haidrokloriki, uchomeni, uchovyeni tena, mpaka mwali usigeuke rangi hata kidogo. Msiguse ncha yake kwa vidole, maana jasho la kidole lina chumvi ya kutosha kuharibu kazi yote. Ndipo mweke chumvi ya strontiamu, ya shaba, ya bariamu, kila moja na waya wake. Na ikifika zamu ya potasiamu, mpeni mwanafunzi kipande cha kioo cha buluu cha kobalti atazamie, ili ayafiche manjano ya sodiamu isiyokosekana na auone urujuani ule aliouandika Tao Hongjing.